Namba ya Rukmini

Tok. Kimya. Tok, tok. Kimya tena, kirefu kiasi cha mtu kuvuta pumzi na kuitoa. Tok.

Nilikuwa nimesimama uchochoroni, nje ya nyumba ya Kang Sobana, mwavuli ukinidondokea begani, nikiisikiliza sauti hiyo ikipenya dirisha lililofungwa. Sauti za kibodi nazijua kama watu wengine wanavyojua pikipiki za majirani zao. Hii ilikuwa na bamba la shaba ndani, swichi zimepakwa grisi kwa mkono, vitufe vinene. Niliishika mwenyewe Jumapili iliyopita. Lakini mikono iliyokuwa inaipiga sasa ilikuwa ya mtu anayepapasa, kama anayeshuka ngazi asizozijua.

Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana. Ndani ya begi langu kulikuwa na tarakilishi, na ndani ya tarakilishi ile programu ya zamani niliyoitiwa. Ujumbe wa Kang Sobana ulikuwa mfupi: "Njoo nyumbani. Njoo na programu ya zamani." Hakuniita mwizi wala mpumbavu. Angeniita, ningekuja nikiwa na hasira, na hasira naiweza.

Sikubisha hodi. Miguu ilitaka kurudi barabarani.

Yote haya yalianza Jumapili, kwa mimi kuchekesha watu.

Sisi wapenda kibodi wa Bandung hukutana Jumapili moja kila mwezi katika mkahawa mmoja wa kahawa juu kule Dago. Kila mtu huja na kibodi aliyoiunda au aliyounganishiwa na mwenzake, tunazipanga mezani, tunapigapiga, tunabishana. Chini ya hizo kibodi zote kuna programu moja ya kikundi. Ndiyo inayokaa ndani ya chipu, inayojua kitufe kipi ni herufi gani na taa za chini ya vitufe ziwake namna gani. Tangu mwaka jana mtunzaji wake ni mimi, Jatnika. Nina miaka ishirini na mitatu, sikufundishwa na mtu, na sikumwacha yeyote asahau hilo.

Sehemu ya taa ilikuwa aibu ya kikundi. Ndivyo nilivyoiita. Kibodi kumi na moja, mafaili kumi na moja, kila fundi na mtindo wake, mistari zaidi ya mia tisa. Nilikaa nayo wiki tatu. Nikayakunja yote kuwa faili moja la mistari mia na arobaini, safi, linalofanya kazi kwenye kibodi yoyote. Nikaandika kwa wenzangu: "Nimepanga upya tu. Hakuna kilichobadilika. Nimehamisha vyombo, sijatupa hata kijiko."

Jumapili ile nikapanda kwenye kiti. Naam, kwenye kiti, kikombe mkononi.

"Mnataka kusikia nilichokikuta chini ya uvungu?" nikauliza.

"Soma, Jat, soma!" Huyo alikuwa Tresna, rafiki yangu, mtu ambaye hucheka kabla ya utani.

Nikasoma vipande vya msimbo wa watu, na kila mtu aliposikia chake alifunika uso na kuchekwa. Halafu nikafika kwenye faili la Kang Sobana. Huyu ndiye fundi wetu wa kwanza, mtu wa makamo, hutengeneza vikuza sauti vya misikiti na hoteli, na kibodi za mwanzo za kikundi zote zilitoka kwenye meza yake. Faili lake lilikuwa na namba moja imepandwa kila mahali, 640, na juu yake maelezo ya mstari mmoja: "640. Kwa Rukmini. Usiguse."

Kwetu, anayejiona ana ulimi humpiga mwenzake kwa sisindiran, beti ya mistari minne. Miwili ya kwanza ni ya kupita njia, miwili ya mwisho ndiyo inayouma. Nilikuwa nimeitunga usiku wa kuamkia siku hiyo, nikila surabi, chapati zetu za unga wa mchele, nikaipenda. Nikaitoa:

*Surabi imeungua,*
*juu ya moto wa kuni;*
*wengine hutoa ua,*
*yeye namba, kwa Rukmini!*

Mkahawa ukalipuka. Tresna alipiga meza hadi sahani ya batagor ikaruka. "Sobana ana mchumba wa tarakimu!" nikaongezea. Sobana, tupu, bila Kang, neno letu la heshima kwa kaka, kama Teh kwa dada. Mtu aliyenizidi miaka zaidi ya ishirini. Yeye alikuwa anakoroga kahawa. Alitabasamu, akaendelea kukoroga, ingawa sukari ilishayeyuka zamani.

"Na sasa 640 iko wapi?" akauliza.

"Imestaafu, Kang. Kibodi zote zinatumia njia moja."

"Lakini hakuna kilichobadilika?"

"Si nimeandika? Washa taa uone. Zinawaka, zinafifia, zinazimika. Macho yako yatakwambia."

Akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyekubali. Alikuwa amekuja na kibodi ya dada yake, kitufe cha nafasi kilikuwa kinakwama, na akaniomba nibadilishe swichi. Nilibadilisha. Na kwa kuwa mkono wangu ulikuwa tayari ndani, na kwa kuwa sikuweza kuona kibodi ikiondoka mezani kwangu na programu kuukuu, nikaiwekea mpya. Sikuuliza. Niliona natoa zawadi. Nikairekodi hata video fupi, taa zikififia polepole chini ya vitufe, nikaitupia kundini.

Mtu mmoja akaandika: "Mbona kuna michirizi myeusi inapita kwenye video?"

Nikamjibu: "Nunua simu ya maana, Kang."

Hata jina la dada yake sikuuliza.

Jumanne jioni Tresna akaandika kundini kwamba binamu yake alikuwa chuoni kwenye mtihani wa utetezi wa tasnifu, mwanafunzi ni kiziwi, na mwandishi anayemwandikia maneno ya walimu kwenye skrini alikatikiwa katikati. Kibodi ilikufa. Kibodi ya Kang Sobana. Mwanafunzi alisimama mbele ya maprofesa watatu akitazama skrini tupu, midomo yao ikicheza, hadi mmoja akafunga jalada. Mtihani ukaahirishwa.

Usidhani sikuogopa. Niliogopa. Nikafunga mlango wa chumba changu, nikaweka programu yangu kwenye kibodi tatu, nikaziacha zikiwaka usiku kucha. Hakuna iliyokatika. Hakuna hata iliyosita. Nikapumua. Nikaona nina haki, na mtu mwenye haki huandika haraka. Nikaandika kundini: "Programu nimeipima, haina kosa. Tafuteni kwenye lehemu."

Lehemu maana yake mikono ya Kang Sobana.

Alikuwa amefungua orodha ya kibodi mpya aliyoichora mwenyewe kwa miaka miwili, akaiita Kawung. Watu kumi na tisa walikuwa wamejiandikisha. Bila kumi na tano haiwezi kutengenezwa, kiwanda hakipokei. Jumatano asubuhi jina moja likafutwa. Mchana matatu. Jioni mawili. Mmoja akasema, "Samahani, Kang, nakuheshimu, lakini kibodi ya kazi lazima iaminike." Wakabaki kumi na watatu. Kang Sobana hakujitetea kwa neno lolote. Mimi nilikiona kimya chake nikakifasiri: amejua kosa ni lake.

Ndiyo maana nilikuwa uchochoroni nikitota. Kama kosa ni lake, kwa nini aitake programu ya zamani?

Mlango ulifunguliwa kabla sijabisha.

"Utaota kutu hapo," Kang Sobana akasema. "Assalamu alaikum ni ya mgeni au ya mwenyeji siku hizi?"

"Alaikum... assalamu alaikum, Kang. Punten, samahani."

"Ingia. Viatu acha pale. Sauti ya chini."

Sebule ilikuwa na giza la mapazia mawili, moja juu ya jingine. Mezani alikaa mwanamke wa miaka arobaini hivi, kitambaa chenye maji kimefungwa kwenye paji la uso, macho yamefumbwa, vidole juu ya kibodi. Tok. Tok, tok. Taa za chini ya vitufe zilikuwa zimezimwa. Alikuwa anajibu barua ya ofisi bila kuitazama.

"Ni yeye?" akauliza, macho bado yamefumbwa.

"Ndiye."

"Mbona anapumua kama kijana mdogo? Kwa ile beti nilitegemea mzee mwenye meno ya dhahabu."

Kang Sobana akavuta kiti. "Jat, huyu ni Teh Rukmini. Dada yangu."

Nilibaki nimesimama, begi bado begani.

"Kaa," Teh Rukmini akasema. "Kuna peuyeum ya muhogo kwenye sahani, kula, nasikia tumbo lako kutoka huku. Kisha Kang wako akuonyeshe."

Kang Sobana aliweka gazeti katikati, kama ukuta, ili mwanga usimfikie dada yake. Akawasha taa za kibodi kwenye kiwango cha chini kabisa, kile anachotumia mtu kwenye ukumbi wenye giza. Kwa jicho langu zilikuwa tulivu kama maji ndani ya glasi. Halafu akafungua kamera ya simu yake, akaishika juu ya vitufe.

Michirizi. Myeusi, mipana, ikipanda skrini mmoja baada ya mwingine bila kukoma.

"Simu yangu pia si ya maana?" akauliza.

Nilijua papo hapo. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo: nilijua papo hapo, maana nilikuwa na uwezo wa kujua tangu Jumapili. Taa ya kibodi haififii kwa kupunguziwa nguvu. Inawashwa na kuzimwa, inawashwa na kuzimwa, upesi mno, na jicho hudhani ni mwanga hafifu. Namba 640 ni urefu wa kila pigo, ilikuwa inaiambia chipu izipigishe taa mara elfu ishirini na tano kwa sekunde; namba ikikua, mapigo hupungua. Njia yangu safi, ile inayokubali kila kibodi, ilizipigisha mara mia na ishirini. Macho yangu yaliridhika. Mtihani wangu wote ulikuwa macho yangu.

"Mimi nina kipandauso tangu shuleni," Teh Rukmini akasema. "Taa za mirija, skrini za bei rahisi, kitu chochote kinachopepesa. Hunianza kama msumeno unaong'aa pembeni ya jicho. Kisha nusu ya dunia inapotea. Sobana alikaa na hii kibodi mwezi mzima akibadilisha namba, mimi nikikaa mbele yake kama sungura wa maabara. Elfu sitini, hapana. Elfu kumi, hapana. Alipofika 640 nikakaa saa tatu na kichwa kikawa changu."

"Saa tatu na nusu," kaka yake akasahihisha.

"Saa tatu na nusu. Jumanne ukumbi ulikuwa na giza, Wening, yule kiziwi ninayemwandikia, anatetea tasnifu ya kemia, kila sentensi ina namba na alama. Lazima nitazame vitufe. Dakika ya ishirini msumeno ukaja. Nikasema, maliza hata swali hili, Rukmini. Dakika ya ishirini na tano sikuiona tena mikono yangu. Msichana amenitegemea miaka minne. Alinigeukia, Jatnika. Hakuwageukia walimu. Alinigeukia mimi."

Hapo ndipo aliponiita jina mara ya kwanza.

"Lakini... walisema kibodi ilikufa," nikanong'ona.

"Mimi ndiye niliyesema. Ofisi ikijua habari za kichwa changu, watatafuta mwandishi mwenye kichwa kizima. Nikasema kibodi imekufa. Na huyu," akaelekeza kidole kwa kaka yake bila kufumbua macho, barabara kabisa, "akasema sawa, semeni kibodi imekufa."

Nikamtazama Kang Sobana. Majina sita yamefutwa, na alikaa kimya. Na Jumapili pia alikaa kimya, kwenye kicheko changu, kwa sababu ile ile.

"Kang, kwa nini hukuniambia peke yangu? Pale pale ningeirudisha ile namba."

"Uliniambia hukubadili kitu." Hakupandisha sauti. "Nilikuuliza, ukasema umehamisha vyombo, hata kijiko hukutupa. Fundi akiniambia hivyo, mimi humwamini. Na kwenye kibodi hii sikujua kama umegusa zaidi ya swichi." Akakuna kidevu. "Na mimi nina kosa langu. Niliandika namba, nikaandika usiguse, sikuandika kwa nini."

Angenipiga kofi ningemshukuru. Lakini kugawana nami kosa! Masikio yalinichoma kama nimeyashikisha kwenye pasi ya lehemu. Nikafungua tarakilishi ili nipate mahali pa kuelekeza uso. Nikachomeka waya. Vidole vyangu, ambavyo hujisifu kwa kasi, vilikosea neno la siri mara mbili.

Programu ya zamani iliingia kwa sekunde tisa. Wiki tatu za kazi yangu, sekunde tisa kuzitoa. Kang Sobana akashika tena simu juu ya vitufe. Skrini ikaonyesha mwanga mmoja uliotulia, bila mchirizi hata mmoja. Akaondoa gazeti.

"Fumbua polepole," akamwambia dada yake.

Teh Rukmini akafumbua jicho moja, kisha la pili. Alitazama vitufe kwa muda mrefu. Nilihesabu tone moja moja la mvua kwenye bati la jirani.

"Bado mapema kusema," akasema. "Tujaribu kwa kazi. Sema kitu."

"Niseme nini, Teh?"

Vidole vyake vikaruka. Hapo ndipo nilipoisikia kibodi ile ilivyo kweli: tokotokotoko, nzito, laini, bila pengo. Kwenye skrini pakaandikwa: *Niseme nini, Teh?*

"Mimi huandika maneno ya watu wanapoyasema," akasema. "Kibodi yangu haipimwi kwa kuandika alfabeti. Sema ulichokuja kusema."

"Nilikuja... Samahani, Teh. Kulitokea hitilafu kwenye sehemu ya taa."

Aliandika hadi neno *hitilafu*, akasimama. Akasubiri, vidole hewani.

"Ilijileta yenyewe hiyo?"

Kang Sobana akaguna. Nadhani alikuwa anazuia kucheka, na sikumlaumu.

Nikaanza upya. Ni jambo la ajabu kuyaona maneno yako yakisimama mbele yako wakati bado yana joto la mdomo. Huwezi kuyapamba. Nimezoea kuzipima sauti, kuchagua neno litakalogonga meza. Pale kila pambo lilionekana upuuzi hata kabla halijafika mwisho wa mstari. *Mimi Jatnika nilifuta 640. Sikuuliza ni ya nini. Niliweka programu kwenye kibodi ya mtu bila ruhusa yake. Mtu aliniuliza kuhusu michirizi nikamtukana simu yake. Niliandika tafuteni kwenye lehemu, na nilipoandika hivyo sikuwa na uhakika, nilitaka tu isiwe mimi.*

Kifungu cha mwisho sikujua kama ninacho hadi nilipokisoma.

Teh Rukmini hakusema ni sawa. Hakuna aliyesema ni sawa.

"Wening amepewa tarehe nyingine," akasema. "Jumatatu wiki ya pili. Ukumbi ule ule."

"Utamwandikia wewe?"

"Ameniomba mimi. Nimemwambia nitamjibu leo." Akabonyeza kitufe, taa zikapanda, akabonyeza tena, zikashuka hadi kiwango cha chini, bado akizitazama. "Sijui kama ninathubutu. Jina langu liondoe kwenye huo msimbo, sitaki kuwa wimbo wa mkahawani. Lakini andika sababu. Mtu mwingine kama wewe atakuja, na atakuwa na haraka."

"Na orodha ya Kawung?" nikamuuliza Kang Sobana.

"Orodha ni yangu. Siri ya macho ni yake. Usilipie moja kwa jingine."

Nilielewa. Kulikuwa na njia nyembamba kati ya hayo mawili, na ilinipitia mimi mwenyewe, kifua wazi. Nikasimama. Sikujua mikono niiweke wapi. Vidole vya Teh Rukmini vilikuwa vimeshatua juu ya vitufe, vinangoja.

"Teh Rukmini," nikasema, na kibodi ikaanza kunifuata, "leo hii, kabla sijatoka kwenye uchochoro huu, nitaandika kundini kwamba ni programu yangu iliyoharibu kibodi ya Kang Sobana, na kwamba lehemu yake haina doa. Nitawaambia taa zilipepesa. Zilimpepesea nani, hawatapata kwangu. Jumapili ijayo ya mkutano nitayasema hayo hayo nikiwa nimesimama sakafuni. Juu ya 640 nitaandika: namba ikizidi hii taa hupepesa, na kuna watu inawaumiza. Na Jumatatu ya Wening nitakuwa ukumbini kabla mlango haujafunguliwa, nitashika simu juu ya kila kitufe chako, na nikiona mchirizi mmoja, mmoja tu, nitakwambia mimi kabla jicho lako halijakwambia. Nakuahidi, Teh."